Kliniki ya sukari ya Jumanne: foleni balaa, ila yule nesi nampa zote

Nyota 4 kati ya 5. Jina la kliniki silitaji maana foleni yao naiponda hapa chini.

Mimi nachoma insulini asubuhi na jioni, mwaka wa tatu sasa, na muda wote huo nilikuwa najifungia chooni eti watoto wasione. Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la pili kaona bomba la sindano kwenye ndoo ya taka (kosa langu, najua), hajaniuliza mimi, kamfata mama yake jikoni kamnong'oneza, "Mama, baba ni teja?" Jamani! Ila kwa mtaa wetu mtu anayejifungia chooni na sindano ni nani mwingine?

Basi Jumanne nikaenda naye, nikamsimulia nesi, akacheka mpaka akashika meza. Alafu akamkalisha mtoto akampa kichupa changu. Hii ya mchanganyiko ikitulia inajitenga, weupe chini maji juu, akamwambia izungushe taratibu kwenye viganja, usitikise, mpaka iwe kama maziwa. Dogo kazungusha ulimi umetoka nje kwa umakini. Akamweleza kwamba hii kitu mwili unatengeneza wenyewe, wa baba hautengenezi ya kutosha ndo maana anaongezea, na sukari haiambukizi.

Mtoto kauliza, "Atapona lini?" Hapo mimi ningesema mwakani. Nesi kamwambia haponi, ila akichoma kila siku anaishi, akamtolea mfano wa mtu wa kwanza kutibiwa na insulini, kijana wa miaka 14 huko Kanada mwaka 1922, alikuwa kabaki mifupa, akaishi miaka mingine 13. "Alafu akafa?" "Akafa kwa nimonia. Siku hizi dawa ni bora, watu wanazeeka nazo." Dogo katulia kabisa, mimi ndo nilitokwa jasho.

Kamfundisha na kazi pia: ukiona baba anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea visivyoeleweka, mpe soda nusu chupa, ya sukari sio ile ya dayeti. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, kimbia kaite mtu mzima. Na sindano haiguswi na mtoto, mimi nitumie kidumu kigumu chenye mfuniko, kikijaa nikirudishe kliniki.

Sasa foleni. Nimefika saa 12 asubuhi, daktari kaja saa 4, viti vyenyewe vya kugombania, na vipimo vya mashine ya sukari vimeisha nikanunue nje. Watu wa sukari mnatuweka na njaa masaa yote hayo kweli?

Ukienda beba kitu cha kula, na mtoto ukiweza, ila muulizie yule mama wa zamu ya Jumanne maana mwingine hana muda.

Ile soda ya dharura ipo friji mlangoni. Juzi nimekuta imepungua nusu, namuuliza dogo ananiambia alikuwa anaangalia kama ni ya sukari.