Kaseti yangu iliishia wimbo wa nane

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiwaambia watu hapa Tabora kwamba Mr. Bad Guy, albamu aliyoitoa Freddie Mercury bila wenzake wa bendi ya Queen, ni kazi dhaifu. Nimelisema hilo kibandani kwangu, nimelisema stesheni tukisubiri treni ya Kigoma, nimelisema kwa sauti kubwa mbele ya watu walionizidi umri. Leo naitazama upya hukumu yangu, maana nimegundua kwamba albamu yenyewe nilikuwa sijaisikia yote.

Mimi ni fundi redio. Mwaka 1989, nikiwa bado najifunza kazi, mjini kulikuwa na duka la kurekodi kaseti. Unapeleka kaseti tupu, unachagua kwenye daftari lililoandikwa kwa mkono, unaifuata kesho yake jioni. Nilipeleka ya dakika 60. Upande wa kwanza niliomba Kenny Rogers kwa ajili ya dada yangu, upande wa pili Freddie Mercury kwa ajili yangu. Sasa piga hesabu. Upande mmoja wa kaseti hiyo ni dakika 30, na Mr. Bad Guy ina dakika 41 hivi. Aliyerekodi aliacha mkanda uzunguke mpaka ukaisha, akanirudishia kaseti bila kusema neno. Wimbo wa nane ukimalizika, kinasikika kipande kifupi cha wimbo mwingine, halafu kitufe kinaruka. Nilidhani ni mabaki ya kitu kilichorekodiwa humo zamani. Kasha halikuwa na karatasi ya majina ya nyimbo, na albamu ya nyimbo nane wakati ule haikuwa ajabu.

Januari hii mpwa wangu alishuka na treni kutoka Dar es Salaam akanipa diski ya toleo la mwaka 2019. "Mjomba, nimekuletea ile usiyoipenda," akasema. Nikageuza kasha nisome orodha. Nyimbo kumi na moja. Nikahesabu tena kwa kidole. Kisha nikaenda kabatini kuitafuta ile kaseti, nikaiweka kwenye redio, nikasikiliza ule mkia wa mwisho. Haukuwa mabaki ya mtu. Ulikuwa mwanzo wa Living on My Own.

Niseme kidogo kuhusu mtu mwenyewe. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake wakiwa Waparsi wenye asili ya India, akasoma shule ya bweni Panchgani huko huko India, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ndiye aliyetunga Bohemian Rhapsody na We Are the Champions. Kwa hiyo tunapojadili albamu zake za peke yake hatumjadili mwimbaji tu, tunamjadili mtunzi, na ni mbili tu: Mr. Bad Guy ya Aprili 1985, na Barcelona ya Oktoba 1988 aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania.

Nianze na yale ambayo bado nayashikilia. Nyimbo tano za kwanza za Mr. Bad Guy, ambazo kwenye sahani ya santuri ndizo upande wa kwanza, hazikai vizuri. Let's Turn It On inaingia kwa kishindo, lakini ni kishindo cha dansi ya mwaka ule: ngoma zimekazwa kama za mashine, vinanda vya umeme vimejaza kila pengo, hakuna mahali pa kupumua. Foolin' Around ni hivyo hivyo, na inapita bila kuacha kitu. Your Kind of Lover inaanza kwa piano taratibu, unakaa vizuri kitini, halafu inakimbia kama inachelewa mahali. Sikio la fundi linasikia jambo moja zaidi: sauti yake ni pana, inahitaji vyombo vinavyoachia nafasi, na humu imebanwa katikati ya vitu vingi vyenye mlio mkali wa juu. Kwenye spika ndogo inachosha kabisa. Nimeijaribu kwenye spika nne tofauti zilizokuwa kibandani zikisubiri wenyewe, na ni moja tu, kubwa ya mbao, iliyoitendea haki.

Wengi husema tatizo ni mtayarishaji. Sikubali. Reinhold Mack, aliyeshika albamu hii studio za Musicland mjini Munich, ndiye yule yule aliyefanya albamu ya The Game na Queen mwaka 1980, na ile hakuna anayeilalamikia. Waliokosekana ni gitaa la Brian May, ngoma za Roger Taylor na besi ya John Deacon. Na zaidi ya vyombo vyao, walikosekana watu wa kumwambia, "Hapana, hapo umezidisha." Baba yangu alikuwa shabiki wa bendi ya Kiko Kids, jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa wa Tabora Jazz, na wote wawili walikuwa na neno moja: bendi ni ugomvi unaopatana. Ukiondoa ugomvi, kila wazo linapita.

Ushahidi upo, na ni wa kusikiliza mwenyewe. Mwaka 1995, miaka minne baada ya kifo chake, wale watatu walizichukua Made in Heaven na I Was Born to Love You kutoka albamu hii, wakabakiza sauti yake, wakaweka vyombo vyao. Made in Heaven ya mwaka 1995 ni wimbo mkubwa. Gitaa linainuka pale sauti inapoinuka, linashuka pale inaposhuka. Wimbo ni ule ule, mashairi ni yale yale, pumzi ni ile ile aliyoivuta Munich. Kumbe utunzi haukuwa na kasoro. Kwa I Was Born to Love You niko tofauti na wenzangu wengi: naipenda zaidi ya mwaka 1985, nyepesi, yenye furaha isiyojizuia. Ile ya Queen imevaa koti zito.

Wimbo wenye jina la albamu, wa sita, niliupenda tangu kaseti na sijabadilika. Pale kuna okestra kamili na yeye mbele yake. There Must Be More to Life Than This, wa nane, ni dakika tatu za piano na swali. Aliwahi kuujaribu na Michael Jackson mwaka 1983, na sauti zao mbili zilitoka hadharani mwaka 2014 tu. Nikisikia ule wa wawili nafurahi, nikisikia wa peke yake nanyamaza. Kwa miaka yote hiyo kwangu huo ndio ulikuwa mwisho wa albamu, nami nikadhani amefunga kwa swali lisilojibiwa.

Kumbe baada ya hapo ndipo moyo wa albamu ulipo.

Living on My Own kila mtu anaijua, hasa ile iliyochanganywa upya ikashika namba moja Uingereza mwaka 1993, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Mpwa wangu alikuwa anaifahamu hiyo tu, ya disko. Nikamkalisha nikamwekea ya awali. Hapa anazungumzia upweke, halafu katikati anaacha maneno kabisa, anachezesha sauti kama mtu anayejiongelesha ndani ya nyumba tupu, na piano inamjibu. Mwaka 1985 toleo hili halikufika hata arobaini bora za Uingereza. Kijana akasema, "Mjomba, kumbe ni wimbo wa huzuni." Ndiyo. Picha zake za video zilipigwa kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 39, ukumbi umejaa watu, na ndiyo maana zinauma.

My Love Is Dangerous inaanza kwa mwendo wa rege, hapa kwetu rege haihitaji kutambulishwa, kisha mwishoni inalipuka kuwa roki nzito. Ni wimbo pekee humu ambao vyombo vinagombana naye. Nimeucheza mara nyingi kuliko yote.

Halafu wa mwisho, Love Me Like There's No Tomorrow. Ni wa kuagana. Piano, sauti, na uvumilivu, hakimbii popote. Siku niliyousikia kwa mara ya kwanza nilikuwa nafunga kibanda, mama anayeuza chai upande wa pili wa barabara akavuka na birika mkononi, akasimama mlangoni mpaka ukaisha. Haelewi Kiingereza. Akauliza, "Huyo amefiwa?" Nikamwambia anaagana na mtu. Akasema, "Basi ni kitu kimoja," akarudi kwenye jiko lake. Nilikaa na neno hilo usiku mzima.

Jumapili iliyofuata nilimwita Mwalimu, mzee mstaafu ambaye nimebishana naye kuhusu Freddie tangu miaka ya tisini. Nilimpa shikamoo, nikamkalisha, nikamweleza habari ya kaseti. Hakucheka. Alisikiliza nyimbo tatu za mwisho akiwa amefumba macho, kisha akaanza upya vita vyetu.

"Fundi, mwenyewe hakuiamini," akasema. "Albamu imetoka Aprili, Julai tarehe 13 amesimama Wembley kwenye tamasha la Live Aid mbele ya dunia nzima. Ameimba wimbo gani wa humu?"

Hata mmoja. Nikamjibu kwamba pale alisimama na Queen, na mwenye adabu haimbi wimbo wake kwenye shughuli ya wenzake. Mwalimu akatikisa kichwa. Kwake yeye, albamu ya kweli ya peke yake ni Barcelona, kwa sababu humo alifanya jambo ambalo Queen wasingelifanya kamwe, wakati Mr. Bad Guy ni jambo ambalo Queen wangelifanya vizuri zaidi. Hoja hiyo ni nzito, naikubali nusu. Wimbo Barcelona wenyewe, alioutunga na Mike Moran, hauna mpinzani: sauti mbili zinapandishana mpaka unasahau kupumua, na ulipopigwa tena wakati wa Olimpiki ya mji huo mwaka 1992 ulifika namba mbili Uingereza. Lakini toleo la mwaka 1988 lilitumia vinanda vya umeme mahali pengi palipostahili okestra, mpaka mwaka 2012 walipoweka okestra ya kweli. Na The Golden Boy inarefuka kupita subira yangu. Mwalimu anasema subira yangu ndiyo fupi. How Can I Go On, ambayo John Deacon amepiga besi, ndiyo pekee tuliyokubaliana bila kuongeza neno.

Kuhusu diski yenyewe: toleo hili la mwaka 2019 halikusafishwa juu juu. Walirudi kwenye mikanda ya awali, wakazichanganya nyimbo upya. Tofauti inasikika. Sauti imesogea mbele, ule mlio mkali wa juu umepungua, besi ina mwili. Let's Turn It On bado haijanishawishi, ila sasa naweza kuimaliza. Mpwa ameinunua kwa shilingi 40,000, na kasha limefika na ufa pembeni, lakini diski haina mkwaruzo. Asiyetaka kutoa fedha hiyo ataipata kwenye simu kwa bando. Ninachomwomba ni asiisikilize kwa spika ya simu. Avae hata visikilizio vya bei ndogo. Na aanze na wimbo wa sita, aende mpaka wa kumi na moja, kisha arudi mwanzo. Kwa mpangilio huo ningeipa nne kati ya tano. Kwa mpangilio uliopo, tatu na nusu. Zamani nilikuwa nasema moja na nusu.

Mwalimu ameiazima diski kwa wiki mbili. Kabla sijampa, nilifungua kabati nikatoa kaseti ya dakika 90 ambayo haijaguswa, nikaifungua karatasi yake, nikasafisha hedi ya redio kwa pamba na spiriti. Upande mmoja ni dakika 45. Nilikaa pembeni mpaka wimbo wa kumi na moja ukaisha, na mkanda ulikuwa bado umebaki.