Uzoefu wangu: Nimepanda basi Dar mpaka Kenyatta Market Nairobi kufuata santuri, na imelipa

Mi ni mgonjwa wa santuri, niseme mapema ili ujue anayeandika ni mtu gani. Nina sahani kama mia na arobaini hivi hapa Dar, nyingi nimeokoteza kwa wazee wa Ilala na Magomeni, zingine zimeletwa na ndugu wanaotoka nje, na jioni nikishusha sindano, ule mchakacho wa mwanzo kabla gitaa halijaingia, mwili wote unatulia. Ila kuna kitu kilikuwa kinanikaba miaka mitatu hii. Muziki wa kwetu wenyewe, Morogoro Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, nilikuwa siupati, au nikiupata sahani imekwaruzika mpaka sindano inaruka kutoka ubeti wa kwanza inatua wa tatu.

Na sababu ukiijua inauma zaidi. Bendi zetu enzi hizo zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania pale Pugu Road, lakini kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, kwahiyo santuri zenyewe zilikuwa zinatengenezwa Nairobi ndo zinarudi huku kuuzwa. Afu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Na wanamuziki nao walishavuka, kina Wilson na George Kinyonga wametoka Tanga wakapitia Arusha wakaishia Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika, na 1978 wenzao wengine wakachomoka humo wakaanzisha Les Wanyika. Yani ukitaka Tanga kwenye sahani, nenda Nairobi. Nimelijua hili muda mrefu ila nilikuwa mvivu wa safari.

Kilichonitoa uvivu ni hasara. Niliagiza LP, ile sahani kubwa ya nyimbo nyingi, kwa muuzaji mmoja wa nje ya nchi, picha safi, maelezo matamu, nikalipa na usafiri juu, bei ya usafiri karibu sawa na sahani yenyewe. Ikaja baada ya wiki saba imepinda, nimeiweka kwenye pleya mkono wa sindano unapanda na kushuka kama ngalawa, sauti inayumba. Nilikaa nikaiangalia inazunguka nikasema basi, sinunui tena kitu ambacho sijakishika na sijakisikia.

Nikapanda basi la usiku. Namanga tumevuka asubuhi, mchana nipo Nairobi.

Kenyatta Market ipo upande wa Mbagathi Way, sio mbali na ile hospitali kubwa ya Kenyatta, na kama hujawahi kufika usitegemee kuona duka la vioo lenye bango la muziki. Ni soko. Unaingia unapokelewa na moshi wa nyama choma, afu wasusi wanakuvamia hata kama wewe ni mwanaume huna nywele, "kuja nikusuke, kuja mpenzi", unapita katikati ya viti vya kusukia na mafungu ya rasta, unauliza kibanda 570, na kila mtu anakijua. Nikiwa bado nipo kwenye kichochoro nikaanza kusikia besi. Sio besi ya spika za bluetooth hii tuliyozoea, ni ile besi ya mviringo, inakuja taratibu inakugusa tumboni. Nikajua nimefika, sikuuliza tena.

Hapo ndo kwa Jimmy Rugami, wenyewe wanamwita Real Vinyl Guru, yupo sokoni humo tangu 1989. Hebu fikiria hiyo. Alipitia kipindi chote cha kaseti, akapitia CD, watu wakiwa wanatupa santuri zao jalalani, yeye anauza santuri. Mi kwa hilo tu namvulia kofia, maana mtu mmoja mmoja kama hawa ndo wamefanya leo tuwe na cha kununua.

Pale ndani ni padogo, sahani zimepanda mpaka juu, benga, rumba, soul, reggae, disko, nyimbo za dini, kila kitu, na kuna pleya za kupigia na zile za zamani zilizofufuliwa. Ukienda, nenda na muda. Usiende una saa moja eti unachungulia unaondoka, mi nilikaa kutoka saa nane mpaka jioni na bado kuna rafu sikuzigusa.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba unasikiliza kabla hujalipa. Jamani hii ndo huduma. Unachagua, unaikagua, inapigwa, unaamua. Kwa wanaoanza, niwaeleze kidogo navyokagua mi. Itoe kwenye kava, ishike pembeni na kwenye lebo ya katikati, usiguse ile mistari, iinamishe kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba kama nywele isikutishe, mara nyingi haisikiki. Pitisha ukucha polepole, mkwaruzo unaoshika ukucha ndo utarusha sindano, huo achana nao. Afu iangalie kwa ubavu usawa wa macho kama imelala sawa. Mng'ao nao usikudanganye, nimewahi kuona sahani inang'aa kama kioo kumbe imechoshwa na sindano butu, sauti ya juu yote imeliwa, na nyingine imefifia ina vumbi la miaka arobaini ukiiosha inaimba kama jana.

Nilichopata sasa. Kwanza LP ya Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga solo wa Morogoro Jazz, ile ya mfululizo wa Ukumbusho uliotoka baada ya kufariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Kava limechoka pembe, sahani safi. Ilipoanza kupigwa nilikuwa nimeinama natafuta chini nikasimama wima. Nimemsikia Mbaraka maisha yangu yote, redioni, kwenye kaseti za mzee, kwenye simu, lakini sikuwahi kujua kwamba chini ya lile solo kuna gitaa la pili linajibu kimya kimya upande wake. Kwenye simu halipo, limefunikwa. Nilirudisha mwanzo mara mbili na hakuna aliyeninunia.

Ya pili ni 45 ya Les Wanyika, yani singo, sahani ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika, na hapa naomba nikae kidogo. Nyimbo zetu za zamani zilikuwa ndefu na singo upande mmoja unabeba dakika nne tano tu, kwahiyo wimbo unakatwa, upande A imeandikwa Part 1, upande B Part 2. Maneno yanaisha huku, unainuka kwenye kiti, unageuza, unashusha sindano, na kule ng'ambo gitaa linafunguka watu wanacheza. Ukisikiliza mtandaoni wameunganisha, unapita tu. Kwenye sahani unasubiri, zile sekunde kumi za kugeuza kila mtu sebuleni ametulia anajua kinachokuja. Ndo maana nazipenda 45 kuliko LP kusema ukweli.

Na hiyo yangu kwenye lebo kuna mtu kaandika kwa biki ya bluu, herufi za kulala zile za shule za zamani, "USIAZIMISHE". Sijui alikuwa nani wala iliondokaje kwake. Siifuti hiyo, na siazimishi.

Kulikuwa na mzee mteja kakaa kwenye kigoda, nikamwamkia shikamoo akacheka sana akasema anajua nimetoka wapi, akaitikia marahaba kwa sauti. Nilipomuuliza 45 ipi ya Simba Wanyika nichukue kati ya mbili alizitazama lebo tu, hakusikiliza, akanipa moja, "chukua hii, ile ingine unaweza pata kokote." Nikachukua. Hajanikosesha.

Jumla nilitoka na sahani saba, nikaacha kama elfu kumi na moja za Kenya. Bei inategemea hali ya sahani na adimu yake, kuna za bei ya chini na kuna za kukaa ukafikiri, mi hizi naziona ni bei za haki kabisa ukilinganisha na nilichopoteza kwenye ile iliyopinda.

Kuhusu kusafirisha, nawaomba, usiweke santuri kwenye buti la basi. Kule chini kuna joto na mabegi ya watu yanazikandamiza. Mi nilizibana kati ya maboksi mawili ya karatasi ngumu, nikazisimamisha mapajani kutoka Nairobi mpaka Dar, nimelala nimezikumbatia, jirani yangu kwenye siti alidhani ni picha ya harusi. Nyumbani zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na kwa unyevu wetu huu wa pwani zitoe kwenye mifuko ya nailoni ya zamani maana ndo inaleta ukungu. Kuosha ni maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea kwenye betri, sio asidi, na kitambaa laini, unafuata mzunguko wa mistari. Zile nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama sahani ya udongo, hizo spiriti isiziguse kabisa, inaziyeyusha, na sindano yake ni nyingine.

Kwa huduma nawapa nyota tano, kwa muziki nawapa hizo hizo tano.

Jumapili nilimpigia mzee wangu ile ya Mbaraka. Alikaa kimya mpaka upande ukaisha, afu akanyanyuka mwenyewe, magoti yale yanayomsumbua, akaenda kuigeuza bila kuniambia kitu, vidole pembeni, mistari hajagusa. Desemba narudi Nairobi kutafuta Jamhuri Jazz, na ameshasema siti yake anataka ya dirishani.