Windy: ramani ya upepo ninayoifungua kabla ya kupanda boti ya Goma

Nauza vitenge Bukavu, na mzigo wangu huenda Goma kwa Ziwa Kivu. Lakini Windy niliiweka kwenye simu kwa sababu isiyohusu biashara kabisa. Ilikuwa mwisho wa 2024, redio ikitangaza habari za Vendée Globe, yale mashindano ya kuzunguka dunia kwa tanga, mtu peke yake, bila kusimama na bila kusaidiwa. Nilitaka kuona kitu gani kinawatisha wale watu kule kusini.

Nikakiona. Mwezi wa Desemba dhoruba kubwa ilikuwa inateremka kusini mwa Bahari ya Hindi, na kwenye ramani imejaa zambarau, rangi ya upepo mkali. Kusini ya latitudo 40 kusini karibu hakuna nchi kavu ya kuuzuia upepo, na msaada uko mbali mno. Wengine wakapinda kaskazini, wakakubali njia ndefu. Charlie Dalin na Sébastien Simon wakapita kusini, wakikimbia mbele ya dhoruba, karibu na mpaka uliowekwa ili mashua zisiingie kwenye barafu. Dalin akashinda Januari 2025 kwa siku 64 na saa 19, wakati rekodi ya zamani ilikuwa siku 74. Simon akawa wa tatu. Wote hao waliamua mapema, kwa sababu dhoruba ya ukubwa ule huonekana siku kadhaa kabla haijafika.

Kivu je? Hapo ndipo lazima ujue unachokisoma. Windy inakupa utabiri uliokokotolewa na vituo mbalimbali vya hali ya hewa, na mimi hufungua ECMWF ya Ulaya kisha GFS ya Marekani. Zikipishana sana, siamini hata moja. ECMWF inagawa dunia kwa miraba ya kama kilomita 9. Baharini hiyo ni ndogo sana. Kwetu, wingu la mvua linaweza kuzaliwa mlimani mchana, likashuka ziwani na kuisha, lote ndani ya mraba mmoja au miwili. Ramani inabaki bluu, rangi ya shwari, na ninyi mko majini mnalowa.

Ndiyo maana naitumia kwa majira. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unatoka mbali na kushika siku nzima, na hapo naiamini. Ikionyesha upepo wa kasi kesho, nampigia mama anayenipokelea mzigo Goma, namwambia asubiri kesho kutwa. Masika ni mambo mengine. Upepo siutazami sana, naenda kwenye tabaka la radi na lile linaloitwa CAPE, linaloonyesha hewa iliyojaa nguvu ya kutengeneza ngurumo. Likiwa juu kuanzia saa nane mchana, natafuta kanoti (boti) ya asubuhi. Saa yenyewe ya kutoka namwachia nahodha na wavuvi. Wakikataa, nami sipandi, hata kama simu inasema shwari.

Kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokuonyesha: boti imebeba watu wangapi. Ile iliyotoka Minova Oktoba 2024 ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ilikuwa imejaa kupita kiasi, na hapakuwa na dhoruba ya kusingizia. Mimi hutazama watu na mizigo kwanza, kisha jile za kuokolea, ndipo nalipa.

Kutumia ni bure, ukitaka zaidi unalipia. Toleo la bure linanitosha. Mega za intaneti inakula kiasi, hasa ukichezea ramani ukivuta huku na kule kama mimi ninavyofanya usiku. Bora uifungue ukiwa bado nyumbani, ubonyeze mahali pa safari yako, usome jedwali, upige picha ya skrini. Mbele ya kisiwa cha Idjwi usitegemee mtandao.