Uzoefu wangu: kufuatilia vibali vya kisima, mabomba na majitaka ya stendi yetu

Nianze na hukumu yangu, maana wengi mtakaosoma hapa mna mradi mkononi na mnataka kujua kama vibali hivi vina faida yoyote zaidi ya mihuri. Vina faida. Kati ya ofisi zote tulizopita, iliyotusaidia kuliko zote ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ofisi ya serikali inayosimamia maji ya eneo letu. Iliyotuumiza ilikuwa huduma ya mshauri binafsi ambaye tulimtafuta na kumlipa wenyewe.

Mimi ni fundi sanifu wa maji. Kijiji chetu, mkoani Morogoro, kimekua hadi kina stendi na soko la kila siku, na jumuiya ya watumia maji iliniomba nifuatilie makaratasi ya mradi wenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kisima kirefu chenye pampu ya sola, tenki la kuinuliwa na vituo vya kuchotea maji. Ya pili ni choo cha umma kati ya stendi na soko, pamoja na mfumo wa kutibu majitaka yake. Fedha za maji alizitoa mfadhili, za choo zilitoka halmashauri, kwa hiyo tangu mwanzo watu walizungumza kana kwamba ni miradi miwili isiyojuana. Kila mtu alitaka kuonekana kwenye kikao cha maji. Kikao cha majitaka kilihudhuriwa na mwenyekiti, bwana afya na mimi.

Chanzo cha vibali vyenyewe ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Nchi imegawanywa katika mabonde 9 na kila bonde lina bodi yake. Bodi hiyo hiyo ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka. Meza ni moja lakini fomu ni mbili, na hukuti mtu wa kukulazimisha uzijaze siku moja. Hapa ndipo miradi mingi niliyoiona inapoharibikia: kibali cha maji kinaombwa kwa shangwe, maji yanatoka, wageni wanakuja kukata utepe, halafu majitaka yanakumbukwa choo kikishajaa.

Sisi tulipeleka ramani moja yenye vyote viwili, na ziara ya ukaguzi ilipofika faida yake ilionekana palepale. Afisa wa bonde alikuwa mwanadada mtaalamu wa maji chini ya ardhi. Aliwasalimu wazee shikamoo, akapelekwa kwenye kigingi alichopigilia mtafiti wa maji kuonyesha pa kuchimba kisima, akasimama kidogo akitazama ramani.

"Mzee wangu, maji ya choo cha stendi yataelekea wapi?"

"Hayo ya choo ni ya halmashauri, mwanangu. Sisi tuna kisima tu."

"Naomba tutembee mpaka hapo chooni."

Tukatembea. Ardhi ilikuwa inateremka taratibu kutoka stendi kuelekea kigingi chetu, na udongo wa hapo ni mchanga uliochanganyika na kokoto. Akatueleza jambo ambalo naona kila kamati ya maji ingepaswa kulisikia. Pampu ikianza kuvuta, kina cha maji ndani ya kisima hushuka, na maji yaliyo pembeni huanza kuelekea kisimani. Kama kati ya hayo kuna yaliyopita kwenye shimo la choo, yatakuja nayo. Vijidudu unaweza kuviua kwa klorini, lakini naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo, haiondoki kwa klorini. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, kwa sababu ikizidi inaweza kudhuru damu ya watoto wachanga isibebe hewa ya oksijeni inavyotakiwa. Mama mmoja wa kamati alikuwa na mjukuu mgongoni wakati maneno hayo yanasemwa. Hakuna aliyebisha tena.

Bahati nzuri ripoti ya utafiti ilikuwa na alama ya pili ya akiba, upande wa juu wa stendi. Tukahamia huko. Bomba likawa refu zaidi na mfadhili alilalamika kidogo, lakini kisima kilipopimwa kwa kusukuma maji mfululizo, kilitosheleza mahitaji yetu. Kama ukaguzi ule ungekuja baada ya kuchimba, tungekuwa na kisima kizuri mahali pabaya, na sijui nani angekuwa na moyo wa kukifukia.

Kuhusu uchimbaji nitasema jambo moja tu: dai leseni ya mchimbaji kutoka Wizara ya Maji na uisome. Wapo wenye mtambo na maneno matamu ambao hawana leseni, na wakimaliza kazi hawakuachii taarifa ya kisima, yaani kina, tabaka za udongo na miamba, usawa wa maji kabla ya kusukuma, na majibu ya kipimo cha pampu. Bila taarifa hiyo bodi ya bonde haina cha kupangia kiasi cha maji utakachoruhusiwa kuvuta. Kibali chetu kinataja kiasi kwa siku na matumizi yaliyokusudiwa, kinataka mita kwenye kisima, na kina ada ya kila mwaka. Waambieni wanajumuiya mapema kwamba ada hii ni ya kudumu, muiweke kwenye bei ya ndoo tangu mwanzo.

Upande wa majitaka, mchoro wa kwanza wa halmashauri ulikuwa wa tangi la maji machafu na shimo la kunyonyea, kama nyumba ya kawaida. Kwa choo cha stendi hiyo haitoshi, hasa kwetu ambako masika maji ya ardhini hupanda hadi karibu na uso. Shimo la kunyonyea likishajaa maji ya mvua halinyonyi kitu. Viwango vya taifa kwa majitaka yanayotoka kwenda kwenye mazingira viko wazi: oksijeni inayohitajiwa na vijidudu kuozesha uchafu, wataalamu huiita BOD, isizidi miligramu 30 kwa lita, ile ya kikemikali, COD, isizidi 60, na chembechembe zinazoelea zisizidi 100. Mhandisi alibadilisha mchoro. Sasa majitaka yanatulia kwenye chemba ya kwanza, yanapita chemba kadhaa zenye kuta za kuyalazimisha yashuke na kupanda, kisha yanapita kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete kabla ya kutoka. Tope linakaushwa kwenye vitanda vyake. Kibali kikaongeza sharti la chemba ya mwisho ya kuchukulia sampuli. Sharti hilo nimelipenda mno, kwa sababu bila mahali pa kuchota sampuli, viwango hubaki kuwa karatasi.

Kijito kilicho nyuma ya soko kinakwenda mto Wami, na huo Wami ndio unaowapa maji watu wa Chalinze huko chini kabla haujafika baharini karibu na Saadani. Nilikuwa nikiwaambia hivyo kila walipochoka kufuatilia. Kwa sababu ya kijito hicho pia tulisogeza kitanda cha matete, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Mchoro ulikuwa umekisogelea mno.

Sasa nije kwa mshauri. Tathmini ya Athari kwa Mazingira huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa, kisha NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, huipitia. Kanuni zilizorekebishwa 2018 zinapanga miradi kwa makundi kulingana na uzito wake, na yale majitaka ndiyo yaliyotuongezea uzito. Hatua zenyewe zina mantiki: unasajili mradi, zinakubaliwa hadidu za rejea (yaani mambo ambayo tathmini itayachunguza), wadau wanasikilizwa, eneo linakaguliwa, wataalamu wanapitia ripoti, na cheti kinatolewa. Shida yangu ni kwa tuliyemlipa. Alifika mara moja, akapiga picha kwenye stendi, akaondoka. Rasimu aliyoleta ilikuwa na sura nzima ya wavuvi na ufukwe wa ziwa. Kijijini kwetu hakuna ziwa. Alikuwa amechukua ripoti ya watu wengine akabadilisha jina. Ada yake ilizidi ada zote za serikali tulizolipa kwa pamoja, na hili lilinichoma, kwa kuwa ni fedha za watu wanaonunua maji kwa ndoo.

Tulikataa kusaini na tukazuia malipo ya awamu ya pili. Aliporudi, kikao cha wadau kilifanyika kama kinavyotakiwa, pale pale stendi. Mama ntilie mmoja akasimama akauliza, "Jioni upepo unatoka huko mnakotaka kukausha hayo matope, unakuja kwenye sufuria zangu. Mmelifikiria hilo?" Hapakuwa na aliyelifikiria, si mhandisi, si mshauri. Vitanda vya kukaushia vikahamishiwa upande mwingine wa uzio na hoja yake ikaandikwa kwenye ripoti. Nawasihi msiruhusu kikao hiki kigeuzwe orodha ya sahihi na posho.

Kuna pia ofisi moja ya serikali, sitaitaja, iliyorudisha jalada letu mara kwa mara bila kusema kasoro zote kwa pamoja. Leo unaambiwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji hauna muhuri kila ukurasa. Ukirudi, unaambiwa jina la mradi halifanani. Barua ya kijiji ilisema "mradi wa maji", ya halmashauri "mradi wa maji na usafi wa mazingira". Kosa la namna hiyo lingeweza kuonekana siku ya kwanza na kuandikwa kwenye karatasi moja. Kwa raia anayepanda basi kufika ofisini, kurudishwa kwa kasoro moja moja ni mzigo usio wa haki, na nimeliandikia barua jambo hilo. Kwa upande wenu, kubalianeni jina moja la mradi kwenye mkutano wa kwanza na liandikwe hivyo hivyo kila mahali, hadi kwenye kibao.

Vibali vingine vilipita bila maumivu. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, walituruhusu kukatiza barabara kwa masharti yaliyoandikwa vizuri: bomba letu lipite ndani ya bomba la kulilinda na kifusi kishindiliwe upya. Usajili wa eneo la kazi OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na wa mradi CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) ulifuatiliwa na mkandarasi. Malipo ya serikali yote yalikwenda kwa kontrol namba na risiti zipo kwenye jalada; hakuna aliyeniomba fedha mkononi, na nalisema kwa furaha.

Kisima kinafanya kazi na kijana wa pampu anaandika usomaji wa mita kila asubuhi. Sampuli za kwanza za chemba ya mwisho zimekwenda maabara. BOD na chembechembe ziko ndani ya kiwango; COD bado iko juu kidogo, kwa kuwa matete hayajashika vizuri, na bodi ya bonde imetupa muda wa kurudia kipimo baada ya masika. Wakati huohuo wenye mabasi wameomba choo kiongezwe matundu. Ombi hilo limeshawekwa kwenye ramani ileile moja, na nimempigia afisa wa bonde simu aje alione kabla halmashauri haijatangaza zabuni.