Kilwa ya Frans Hogenberg: tathmini ya nakala ya ramani ya mwaka 1572

Nakala niliyoiagiza ni ya karatasi moja kutoka Civitates Orbis Terrarum, mkusanyiko wa ramani na mandhari za miji ambao juzuu yake ya kwanza ilichapishwa Cologne mwaka 1572. Aden imejaza nusu nzima ya juu. Chini yake zimebanwa picha tatu ndogo zenye majina Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala. Sitaficha kwamba pesa yangu niliitoa kwa ajili ya hiyo ya katikati.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili hasa. Georg Braun, kasisi wa Cologne, alikusanya michoro na kuandika maelezo, na Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen ambaye awali alikwisha chonga ramani nyingi za atlasi ya Abraham Ortelius ya mwaka 1570, alichonga sehemu kubwa ya mabamba ya shaba. Kuchonga shaba ni kazi ya subira, kwa kuwa kila mstari hukwanguliwa kwa ncha ya chuma na kila herufi huandikwa kinyume ili isomeke sawasawa ikishapigwa chapa. Kisha bamba hupakwa wino na kufutwa hadi wino ubaki ndani ya mifereji tu, na karatasi iliyoloweshwa hugandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Ndiyo maana karatasi ya asili huwa na mbonyeo pande zote nne, alama ya kingo za bamba.

Katika nakala yangu mbonyeo huo haupo, wala sikuutarajia kwa bei niliyolipa. Kilichonikera ni pambizo: muuzaji ameikata karatasi karibu mno na picha, hata fundi wa fremu akalalamika kwamba hana pa kushikia. Kwa macho matupu mistari ya mawimbi inapendeza sana, lakini ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia unaona vitone vya mashine badala ya mkato mmoja unaoanza mwembamba, unanenepa, kisha unafifia. Nyuma ni peupe, ilhali karatasi za kitabuni zilibeba huko maelezo ya Braun.

Maelezo ya dukani ndiyo mabaya zaidi, kwani yanadai kwamba mchoro ulifanywa na msanii aliyeishi Kilwa. Hogenberg hakukanyaga pwani yetu. Michoro ya miji ya Afrika na Asia Braun aliipata kwa msaada wa Constantin van Lyskirchen, mfanyabiashara wa Cologne, na inaelekea chimbuko lake lilikuwa kwa Wareno, ambao waliziteka Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Mkono wa Ulaya unaonekana waziwazi: majengo yamesongamana kando ya maji na minara inachomoza, wakati Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao magofu yake yangalipo, una kuba na matao lakini hauna mnara. Kwa upande wa Mombasa, mgeni wangu mmoja aliitafuta Ngome ya Yesu kwa kidole hadi nikamwonea huruma. Ujenzi wake ulianza mwaka 1593, miaka 21 baada ya kitabu kutoka na mitatu baada ya Hogenberg kufariki.

Kwa hiyo anayetaka kujua Kilwa ilivyokuwa asiinunue. Heri nauli ya kwenda Kilwa Masoko na ya mashua ya kuvukia kisiwani. Anayependa ufundi wa kuchonga, au anayetaka kuona jinsi jina la Kilwa lilivyosomwa Ulaya katika karne ya 16, atafurahi nayo, mradi asisitize kabla ya kulipa kwamba apewe karatasi yenye pambizo kamili. Yangu nimeibandika juu ya kadibodi pana ili fremu isimeze jina la Quiloa.