Tahadhari: twita "mpya" zilizokwisha kuungua

Wakuu, kama unajiundia spika mwenyewe, soma hii kabla hujatoa hela Kariakoo. Nimepigwa 70,000 kwa twita mbili (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) zilizoandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), ziko ndani ya nailoni, stika inang'aa.

Maboksi nimeyachonga kwa mkono wangu. Siku ya kwanza nikaweka taarabu. Nusu saa haijaisha, fidla za upande wa kushoto zikafifia kama zimefunikwa blanketi, kisha kimya. Nikaishuku kapasita, ile inayozuia sauti nzito zisifike kwenye twita, nikaweka nyingine ya maikrofaradi 4.7. Wapi! Nikabadilishana twita, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na ububu ukahama nayo. Basi waya na amplifaya havina kosa.

Nikatoa mita ya kupimia omu. Iliyokufa haikusoma kitu. Nzima ikasoma 3.4. Twita ya omu 8 kwenye mita husoma kati ya 5.5 na 7 hivi, 3.4 ni ya omu 4 hiyo. Nikakwangua stika kwa ukucha, chini yake ipo nyingine kuukuu: 4. Kapasita niliyoipigia hesabu ikate sauti za chini ya hezi 4,200 kumbe ilikuwa inakata za chini ya karibu 8,500. Ndiyo maana hata ile nzima ilisikika kwa mbali tangu mwanzo, mimi nikadhani ni masikio yangu.

Iliyokufa nikaifungua. Koili, ule waya uliozungushwa ndani, nyeusi kwa kuungua, waya umeungwa kwa lehemu, gundi bado inanata kidoleni.

Dukani jamaa aliigusisha betri, ikalia tik. "Umeona kaka, nzima hii." Tik hiyo maana yake ni kwamba waya haujakatika kwa dakika ile tu, koili ikipata moto, kiungo kinaachia. Nilipotaka kupima mwenyewe akasema ukigusisha mita garantii imekufa. Hapo ndipo nilipaswa kuondoka. Nilipozirudisha, akasema eti nimefunga bila kapasita, na risiti yake imeandikwa "spea 2" basi.

Nendeni na mita, na omu ziandikwe kwenye risiti. Ila msimgombeze muuzaji kwa twita za piezo, zinazotumia kipande cha kauri badala ya koili: zile hazisomi kitu kwenye mita hata zikiwa nzima.

Jina la duka silitaji. Mtalijua kwa betri iliyofungwa nyaya mbili, iko juu ya kaunta muda wote.