Lenzi ya milimita 50 na picha za wanangu nyumbani Ngamiani: uzoefu wangu wa miezi minane

Nyumba yetu hapa Tanga ni ya kizamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Nje jua linawaka, ndani giza. Kwa lenzi iliyokuja na kamera, picha za wanangu ama zilitikisika, ama zilipigwa fleshi na uso ukang'aa kama umepakwa mafuta. Binti yangu ana miaka sita, meno ya mbele yameanza kung'oka. Niliogopa yataisha yote sina hata picha moja ya kicheko chake kama ninavyokijua.

Nikanunua lenzi iliyotumika, milimita 50, f/1.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu la kuingizia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa shilingi 180,000. Haina zumu, ukitaka karibu, unasogea. Ile ya kwanza nikiivuta hadi 50 tundu lake linaishia f/5.6, hii inaingiza mwanga karibu mara kumi yake. Nilipokuwa napiga kwa 1/30 ya sekunde, sasa napiga kwa 1/250, na mtoto akigeuza shingo bado namnasa.

Mwanzoni ilinitoa jasho. Kwa uchu nilipiga kila kitu kwa f/1.8, nikapata pua safi na macho yamefifia. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtoto, sehemu inayotoka sawasawa ina kina cha sentimita tatu tu. Siku hizi naweka f/2.8, fokasi naipeleka mwenyewe kwenye jicho lililo karibu nami, na ninakaa mkekani macho yetu yalingane.

Mwanga lakini lazima uutafute wewe. Kwetu mahali pake ni mlango wa uani, saa nne asubuhi. Mtoto akikaa hatua moja ndani ya kizingiti, mwanga unamjia kwa upande, umepoa, na ngozi inatoka na rangi yake. Taa ya ndani nazima, la sivyo uso unakuwa na rangi mbili. Kivuli kikizidi, wifi yangu husimama upande wa pili na shuka jeupe.

Pale mlangoni ndipo nilipompata. Mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, binti amechutama anadokoa kwenye sinia, anacheka, pengo wazi. Hakuna aliyekuwa na habari na kamera. Nimeitazama picha ile mara nyingi mno.

Idd nayo ilinifunza. Kanzu nyeupe ya mdogo wake iliidanganya kamera, uso ukatoka giza tupu. Nikaongeza mwanga hadi +1, yaani mara mbili ya ule kamera iliouchagua. Kanzu ikapoteza mikunjo, uso ukarudi.

Kasoro zipo. Mota inalia, mdogo akiisikia anageuka. Kwenye kamera ya sensa ndogo kama yangu (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), 50 inabana kama lenzi ya 80 kwenye sensa kubwa: chumbani nagota ukutani na watoto wawili hawaenei. Anayeishi chumba kimoja namshauri lenzi ya milimita 35, inayoona eneo pana zaidi.

Na kwa hewa yetu ya bahari, kabla hujalipa imulike lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni koga, irudishe. Yangu naihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.